Kyule Alijifunza Mtoni

Siku ya soko, Ndolo na mkewe Wavinya huamka mapema. Hujaza avokado kwenye magunia, wakampakia punda na kuanza safari ya soko la Kikima kwa njia ya miguu. Zamani walikuwa na pikapu. Hakuna jirani anayeuliza ilikwenda wapi, maana kijiji kizima kilikuwa mazishini.

Kyule, kifungua mimba wao, alijifunza kuendesha gari mtoni. Kwetu vijana wengi hufanya hivyo. Mto ukikauka, mchanga hubaki mpana kama uwanja, na hakuna wa kumgonga. Kyule alipotimiza miaka kumi na minane, alipata leseni ya kujifunza. Ndolo alifurahi, akampa ufunguo wa pikapu.

"Sasa serikali imekukubali," alimwambia.

Kyule aliteremka mlima peke yake, na mzigo nyuma. Gari lilimshinda kwenye kona. Hakurudi nyumbani.

Miaka ilipita. Nthenya, mdogo wake, naye akapata kitambulisho.

"Nau," alimwambia baba yake, "nataka kujifunza gari. Nipate kazi."

Ndolo aliweka kikombe chini. "Gari tena? Nimezika mmoja. Sina nguvu ya kuzika wa pili."

Nthenya alilia, na mama yake akalia pia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wazazi hawa waliujua vizuri kuliko walivyotaka.

Jioni jirani yao Kasyoka alikuja kununua avokado. Yeye hufundisha udereva mjini Wote. Wavinya akamweleza yote.

"Mzee, naomba nikuulize na usiumie," Kasyoka alisema. "Kyule alifundishwa na nani?"

"Alijifundisha huko mtoni. Hata lori ikikwama kwa mchanga, yeye ndiye alikuwa anaitwa kuitoa."

"Mtoni, mchanga ndio breki. Ukitoa mguu kwa mafuta, gari inasimama yenyewe. Mlima wa lami hausimamishi mtu."

"Polisi walisema aliweka fri," Wavinya alisema polepole. "Ati alitoa gia, gari iteleze tu, asichome mafuta."

"Wengi wanafanya hivyo, mama. Gari ikiwa na mzigo, breki zinapata moto, zinakataa kushika. Mlima unateremkwa kwa gia nzito, ya kwanza ama ya pili, ile inashikilia gari. Hiyo mtu anafunzwa."

"Lakini alikuwa na leseni," Ndolo alisema.

"Ile ni ruhusa ya kujifunza, mzee. Mwanafunzi haendi peke yake. Mwalimu anakaa kando yake, na gari inawekwa kibao cha L mbele na nyuma. Tena anasoma alama za barabara darasani. Akiiva, anapewa mtihani na mtu wa serikali, si mimi. Akipita ndio anaomba leseni yenyewe. Akianguka, anarudi kujifunza."

Majuto ni mjukuu, na siku hiyo alikuja akaketi katikati ya nyumba.

"Nilimpa ufunguo kwa mkono wangu," Ndolo alisema. Wavinya akaushika ule mkono.

Wiki iliyofuata Ndolo mwenyewe alimpeleka Nthenya shule ya udereva. Aliuliza mwalimu gani atakaa na binti yake. Hakuondoka mpaka akaonyeshwa.

Mtihani wa kwanza, Nthenya alianguka. Gari lilirudi nyuma kwenye mwinuko. Alifika nyumbani kichwa chini, akingoja kugombezwa.

"Rudi ujifunze," baba yake alisema. "Nani anakufukuza?"

Mara ya pili alipita. Leseni ilipotoka, chama cha wakulima kilimwajiri kupeleka avokado mjini. Safari ya kwanza, Ndolo aliomba kwenda naye. Mkewe alishangaa, kwa kuwa tangu mazishi Ndolo hakuwahi kupita barabara ile ya mlimani alikofia Kyule.

Juu ya mlima Nthenya alipunguza mwendo, akaingiza gia ya pili. Gari lilinguruma, likashuka taratibu. Walifika kwenye kona. Ndolo alishika kiti kwa mikono miwili. Kona ikapita, na mlima wote ukaisha.

"Kumbe inawezekana," Ndolo alisema. "Kumbe ningemwambia Kyule angoje tu."

Nthenya aliegesha gari pembeni. Alizima injini, akakaa na baba yake mpaka mzee alipomaliza kulia.