Rangi ya Kihenge Namba Nne

Mfuniko wa chuma ulifungwa juu ya kichwa cha Kiroboto saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kisha akasikia kufuli.

Giza.

Mahindi yalikuwa yamemfika magotini.

"Shangazi, nimefungiwa," alinong'onea kipaza sauti kilichoshonwa kwenye kola.

Makao makuu ya upelelezi walimwita mkuu wao Shangazi, na yule mama hakujali kama unakufa au unaoga. Salamu kwanza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Ndani ya kihenge namba nne. Tani mia tano."

"Mazima au mabovu?"

Kiroboto aliwasha tochi ya saa yake, akachoma bambo lake kwenye mahindi. Lilikuwa bambo refu, mita mbili za chuma chenye mdomo wa kuchotea sampuli. Ndilo lililompitisha getini kama mpima mahindi. Punje zilizotoka zilikuwa na ukungu wa kijani.

"Sumukuvu tupu, Shangazi. Na hayana rangi hata tone."

Shangazi alivuta pumzi. "Basi ni kweli."

Kiwanda kile kilitengeneza ethanoli, mafuta ya kuchanganya na petroli. Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Mahindi yaliyooza, ambayo zamani mkulima aliyachoma moto huku akilia, sasa yalinunuliwa na kuendesha magari. Wapo waliopinga tangu siku ya kwanza, wakiuliza kwa nini gari lilishwe wakati sahani ziko tupu. Wakaambiwa watulie, yaliwayo hayataguswa. Na ili mtu asije akachanganya, mahindi yote mabovu yalitakiwa kunyunyiziwa rangi ya zambarau.

Mtaalamu, mgeni aliyeletwa kuongoza kiwanda, alikuwa na hesabu nyingine. Mahindi mazima hutoa pombe nyingi zaidi, na wenzake nje ya mpaka walikuwa wanaisubiri. Kwa hiyo mahindi mazima ya mashule, yaliyohifadhiwa hapo hapo kiwandani, aliyapeleka kwenye mitambo yake. Mabovu, bila rangi, yangekwenda mashuleni.

"Malori yanaenda wapi?" Kiroboto aliuliza.

"Ya kwanza yanaenda shule ya bweni ya kule mlimani. Ghala lao ni tupu tangu jana. Yakifika yanachemshwa, mchana watoto wanakula."



Binti yake Kiroboto alisoma kule. Miaka kumi na mmoja, mwembamba, mchaguzi wa chakula. Jumapili tu alikuwa amemgombeza: "Kula vyote unavyopewa. Usiache hata kidogo."

"Wazuie, Shangazi!"

"Vijana wangu wako mbali, saa moja na nusu. Shikilia..."

Sauti ikakatika. Chini yake kitu kizito kilikwaruza, chuma kwa chuma. Mlango wa chini wa kihenge ulikuwa umefunguliwa.

Mahindi yakaanza kutembea.

Alirukia ngazi ya ukutani, akashika. Kipandio kimoja tu. Vingine vyote vilikuwa vimekatwa, kazi safi ya msumeno. Bastola yake, Beretta aliyoipenda kuliko saa yake, ilichomoka kiunoni ikamezwa. Hata ingebaki, angempiga nani? Punje?

Katikati ya kihenge shimo lilikuwa linajichimba lenyewe. Wapakiaji wote wanalijua shimo hilo: mahindi ya juu, ya katikati, ndiyo hutangulia kutoka. Mtu akikanyaga pale, anazama kiunoni kabla hajaita mama.

Kiroboto alimulika juu. Paa, vumbi, bomba jembamba. Mwisho wa bomba, katikati kabisa, palikuwa na kinyunyizio na mkono wa kufungulia.

Rangi!

Mtaalamu alikuwa ameizima, lakini je, alimwaga pipa? Kiroboto alimwaza mkaguzi wa kila mwezi, na fomu yake: *Pipa la rangi limejaa? Ndiyo.* Hakuna bosi anayemwaga pipa linaloulizwa kwenye fomu. Wanalijaza, wanapiga picha, wanafunga mkono.

Lakini kutoka ukutani bambo halikufika. Lilipungua mita nzima.

Akabaki ananing'inia. Akishika kipandio, labda atapona. Alitaka kupona, asikudanganye mtu.

Akamwona binti yake anamaliza sahani ili kumfurahisha baba.

Akaachia.

Hatua ya kwanza ilimzamisha mapajani. Ya pili, kiunoni. Aliinua bambo kwa mikono miwili, akapiga. Akakosa. Mahindi yakamvuta mpaka kifuani. Akapiga tena.

Mkono wa bomba ukageuka.

Mvua ya zambarau ikamwagika juu ya kichwa chake, juu ya mahindi, ikateremka shimoni pamoja nayo.

Nje, Mama Pacha, msimamizi wa wapakiaji, alikuwa anakula karanga huku lori la kwanza likijaa. Karanga zikamtoka mkononi. Mahindi yalikuwa yanaanguka zambarau.

"Simamisha!" alipiga kelele, na kabla mtu hajasogea akabonyeza kitufe chekundu mwenyewe.

Mtaalamu alitoka ofisini mbio. "Nani amezima? Washa!"

"Haya yamepigwa rangi, bosi. Hayaliwi."

"Washa, nimesema!"

"Pacha wangu wako shule ya mlimani," alisema Mama Pacha taratibu. "Kawashe wewe."

Wapakiaji waliweka makoleo chini. Ndipo wakasikia ndani ya kihenge kitu kinagonga. Chuma kwa chuma, kwa kukata tamaa.

"Kuna mtu humo!"

Mtaalamu alikimbilia Land Cruiser yake. Dereva wa lori la kwanza alirudi nyuma mita tano. Wa pili akasogea mbele mita tano. Land Cruiser ikabaki katikati, milango haifunguki, na Mtaalamu anapiga honi peke yake.

Waliomfikia Kiroboto walimkuta mahindi yako kidevuni, anapumua kama mtu aliyekaliwa kifuani na ng'ombe. Hawakumvuta, wangemkata vipande. Walimzungushia mabati, wakachota kwa ndoo, saa nzima, huku Mama Pacha akimwambia, "Usilale, baba. Usilale hata kidogo."

Vijana wa Shangazi walipofika hawakuwa na kazi kubwa. Walivunja kioo cha Land Cruiser wakamtoa Mtaalamu dirishani.

Saa saba mchana Kiroboto alifika getini. Mlinzi alimtazama toka utosini mpaka miguuni.

"Mpima, umefanya nini?"

"Nimepima," alijibu, akamrudishia kitambulisho cha mgeni.

Simu iliita. Namba ya matroni.

"Baba, shikamoo!" Sauti ya binti yake ilikuwa na hasira. "Leo hatujala mpaka sasa hivi! Wanasema mahindi yamezuiwa kiwandani. Njaa inaniuma, Baba."

Kiroboto alifumba macho.

"Vumilia, mwanangu. Jioni mtakula."

"Wewe si ulisema nisiache chakula? Leo hakuna hata cha kuacha!"

Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na machozi yakachora mistari kwenye ile rangi. Kisha akaweka simu, akatia mikono mfukoni, akaifuata barabara na uso wake wa zambarau.