Flash ya Kwaya na CD Nne Nyeusi

— Hii flash ni ya nani?

Mzee Philipo, mzee wa kanisa, aliishika kwa vidole viwili. Muda mfupi nyuma biti ya kwaya ilikuwa imeisha, mtu wa mitambo akachelewa kuzima, na spika zikaunganisha zenyewe wimbo uliofuata kwenye flash. Wee! Nyundo zinapiga mabati, kinanda kinaunguruma, mwanaume anaimba kwa sauti nzito kama yuko ndani ya pipa. Mama mmoja wa viti vya mbele akapaza sauti, "Shindwa!"

— Nauliza tena. Nani ametuletea madudu haya nyumbani mwa Bwana?

Asnath, binti yake wa kumzaa na mwimba solo, alikuwa na jibu. Ila ulimi ukamponza.

— Flash ni ya kwaya, baba. Ila... niliiacha dukani kwa Urbano. Sijui aliweka nini.

Uongo mtupu, jamani! Mchana kweupe, kanisani!

Urbano ni fundi simu na kompyuta hapo stendi ya Kiomboi, na barua yake ya posa ilikuwa imeshafika kwa Mzee Philipo ikisubiri majibu. Mwaka jana alinunua kompyuta za mtumba, na ndani ya begi moja akakuta CD nne zenye makasha meusi. Zilikuwa mikusanyiko ya goth na industrial, muziki wa Kizungu wa majonzi na vishindo vya kiwandani, kila CD bendi kumi na sita ambazo nadhani hata majirani zao hawazijui.

— Mkusanyiko ni kama sinia la shughuli, Urbano alimwambia Asnath. Unaonja, kitu kikikukolea unauliza nani kapika.

Asnath alianza kuonja kwa kucheka. Kufika wimbo wa saba wa CD ya tatu, akalia. Tangu hapo yeye ndiye aliyeandika majina ya bendi nyuma ya daftari la kwaya na kumtuma Urbano akazitafute mtandaoni. Alisikiliza kwa earphone moja chini ya kitambaa cha kichwa, huku anachambua mboga. Na ni yeye, kwa mkono wake, aliyezificha nyimbo zile kwenye flash ya kwaya, maana ndicho kitu pekee ambacho baba yake asingekipekua.

Mchana ule simu ikaita.

— Asnath, watu wanakuja kuchukua simu zao hata hazijapona. Wananiita freemason. Kuna nini?

— Urbano...

— Umesema ni mimi?

— Nilishtuka. Baba alikuwa ananiangalia.

— Na posa yangu iko kwa huyo huyo baba.

— Najua.

Simu ikakatika. Baada ya saa moja ikaingia meseji: "Usilie. Wazee wameniita jioni. Nitasema ni zangu. We kaa kimya."

Asnath aliisoma mara tatu. Akaandika "Asante", akatuma. Neno moja tu! Mtu anakubebea msalaba wako, unamshukuru kama kakuazima kiberiti. Alijiona mchafu hata maji ya kuoga hayakumsaidia.

Wazee wakaamua: Urbano arudi kundini. Maana yake asimame mbele ya usharika mzima, akiri, aombe radhi, ndipo apokelewe upya, kama wanavyofanywa wazinzi na walevi. Akikataa, barua ya posa inarudishwa. Urbano akakubali.

Alhamisi mazoezini, Dorika, mwenzake Asnath wa sauti ya kwanza, akamvuta pembeni.

— Shoga, umeponea chupuchupu! Ungeolewa na freemason.

— Dorika, acha.

— Niache nini? Mtu mzima anasikiliza nyundo!

Asnath akarudi kuketi. Daftari la kwaya lilikuwa mapajani mwake, na nyuma yake majina ya bendi arobaini kwa mwandiko wake mwenyewe.

Jumapili ikafika. Urbano akatoka mbele na suti inayombana mabega, macho sakafuni. Mchungaji akauliza:

— Urbano, unakiri mbele ya usharika huu kwamba ulileta muziki usiofaa nyumbani mwa Mungu?

— Nakiri...

— Mchungaji, mnamrudisha mtu ambaye hajaenda popote!

Vichwa vikageuka. Asnath alikuwa amesimama.

— Asnath, kaa chini, baba yake akasema.

— Nimekaa chini wiki nzima, baba. Flash niliijaza mimi. Huyu kanifichia aibu, na mimi nikamwacha aitwe freemason mpaka kakosa wateja. Nimesema uongo humu humu ndani, nimevaa joho la kwaya.

Minong'ono ikapanda, ikashuka.

— Kwa nini, mwanangu? Mzee Philipo aliuliza, sauti imeisha nguvu.

— Mama alipofariki, kila wimbo uliniambia nisilie, yuko pazuri. Nikaongoza solo kwenye msiba wa mama yangu, baba. Kwenye ile CD kuna mtu hata simwelewi anasema nini. Lakini analia mpaka mwisho, na hakuna anayemwambia nyamaza.



— Basi wa kurudi kundini ni wewe, mchungaji akasema taratibu.

— Ndiyo, mchungaji.

Akavua joho, akaenda kusimama alipokuwa Urbano. Watoto anaowafundisha Sunday school walikuwa wamekaa mstari wa kwanza, wanamkodolea macho. Uso ulimwaka moto. Alikiri neno kwa neno, na akasimamishwa solo miezi mitatu.

Nje, Urbano alimsubiri kando ya geti.

— Umechelewa wiki nzima, Asnath.

— Najua.

— Freemason haikuniuma. Iliniuma ile "sijui aliweka nini".

— Nisamehe. Ukikataa nitaelewa.

— Sikatai. Ila usinikane tena.

Mzee Philipo akawafikia, kofia mkononi.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba.

Mzee akamsogelea Urbano.

— Mwambie mshenga wako aje Jumamosi. Na ile CD... ile ya huyo anayelia. Aje nayo.

Akaondoka bila kusubiri jibu. Urbano akatoa earphone mfukoni, moja akaichomeka sikioni kwake, nyingine akampa Asnath. Akina mama wa kwaya walikuwa bado wamesimama getini, akiwemo Dorika, wanaangalia. Mkono wa Asnath ukaenda kichwani kuvuta kitambaa, kwa mazoea. Akaurudisha. Akaivaa hivyo hivyo, wanaona.