Kipenga na Jina la Golikipa

Kila Jumatatu asubuhi kinyozi alifungua duka lake, akafuta vioo, akamfunga mteja wa kwanza kitambaa shingoni. Binti yake alikaa nyuma ya pazia, kwenye kijichumba cha taulo. Aliegemeza simu kwenye kopo la poda. Simu hiyo ndiyo iliyokuwa redio yake. Alitangaza habari za mpira mtandaoni, na mtaa mzima ulimsikiliza. Watu walimwita Kipenga, kwa sababu tangu utotoni sauti yake ilipasua masikio.

Habari alizitoa wapi? Hapo hapo dukani! Mtu akinyolewa, ulimi hulegea. Wateja walisema, Kipenga akatega sikio nyuma ya pazia. Kisha alianza, "Inasemekana..." Neno hilo aliliamini sana. Aliona ukishalitamka, hakuna wa kukugusa.

Jumatatu moja mtaa ulinuna. Timu yao ilikuwa imefungwa mabao matatu kwa bila katika mechi ya ligi. Golikipa wao, anayeitwa Ukuta, aliachia hata mipira ambayo angeidaka mtoto. Mteja mmoja akatoa picha kwenye simu yake, Kipenga akachungulia kutoka nyuma ya pazia. Ndani ya picha, Ukuta alikuwa akipokea begi kubwa. Aliyempa alivaa jezi ya wapinzani. Picha ilipigwa siku moja kabla ya mechi.

Kipenga hakungoja. Alirukia simu yake.

"Ndugu wasikilizaji, lisemwalo lipo! Inasemekana Ukuta ameuza mechi! Kapewa begi zima!"

Wakati huo kwenye kiti alikaa jirani yao, mama mmoja anayependa nywele fupi. Yeye ni mhariri wa gazeti la michezo. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa, upande wa pili bado. Aliposikia hayo aliinuka na kitambaa chake shingoni, akaingia nyuma ya pazia.

"Zima hiyo simu!"

"Mama, niko hewani!"

"Ndiyo maana nakwambia zima!"

Kipenga akaizima. Kinyozi alibaki ameshika mashine inayonguruma, hana kichwa cha kunyoa.

"Jirani, kulikoni?" aliuliza. "Mtoto kafanya nini?"

"Kamwita mtu mwizi mbele ya mtaa mzima," alijibu Mhariri. "Haya binti, begi lilikuwa na nini?"

Kipenga akababaika. "Si... rushwa?"

"Uliliona ndani?"

"Hapana."

"Ulimuuliza Ukuta?"

"Hapana. Lakini nilisema inasemekana! Na Ukuta ni mtu maarufu. Mtu maarufu si husemwa?"

Mhariri aliketi juu ya ndoo. Hasira ilianza kushuka.

"Husemwa, tena sana. Akicheza vibaya, sema. Akidaka hovyo, mkosoe. Kazi yake iko uwanjani, kila mtu anaiona. Hayo ni maoni, na maoni hujengwa juu ya jambo la kweli. Lakini kuuza mechi ni kosa la jinai. Ukimsingizia mtu kosa kama hilo, umemkashifu. Anaweza kukupeleka mahakamani."

"Hata kama nimesikia kwa mtu?"

"Hata kama. Ukiubeba uongo wa mwenzako ukautangaza, umeshakuwa wako. Inasemekana haikukingi. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, mwanangu. Kuna mahali mtu maarufu, ili ashinde kesi, lazima aonyeshe kwamba ulijua ni uongo, au hukujali kama ni kweli. Na wewe hukuuliza hata swali moja. Huko ndiko kutojali."

Kipenga aliiweka simu chini. "Sasa nifanye nini?"

"Ulichopaswa kufanya kabla. Nenda kamuulize."

Kipenga alienda na baba yake. Mhariri aliwafuata, amefunga kitambaa kichwani kuficha nusu isiyonyolewa. Walibisha hodi kwa Ukuta. Mlango ukafunguliwa na mwanamume aliyevaa jezi ya wapinzani. Alikuwa yule yule wa kwenye picha! Mikononi alibeba kitoto kichanga.

"Karibuni," alisema. "Mimi ni shemeji yake. Dada yangu amejifungua."

Begi lilikuwa pale sebuleni, wazi. Ndani yake mlikuwa na nepi, kofia ndogo za sufu na blanketi. Shemeji alikuwa amezileta kutoka kwao. Mke wa Ukuta alijifungua usiku wa kuamkia mechi, na Ukuta aliingia uwanjani bila kupata lepe la usingizi.

Ukuta alitokea chumbani. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Kipenga zaidi.

"Klabu imenipigia simu sasa hivi, imenisimamisha," alisema. "Fainali ya kombe ni Jumapili, dhidi ya hao hao, na mimi sichezi. Mwanangu hajapewa hata jina, na jina la baba yake mmeshalichafua."

Machozi yalimtoka Kipenga. "Kaka, nimekukosea. Picha niliiona, wewe sikukuuliza."

"Tena unadhani sisi tunanunua mechi?" shemeji aliingilia. "Hawa tunawafunga bure kila mwaka!"

Hata Ukuta alitabasamu kidogo.

Mhariri alipiga simu klabuni. Aliuliza wana ushahidi gani dhidi ya golikipa wao. Alisikiliza, kisha akamtazama Kipenga.

"Wanasema ushahidi wao ni kipindi chako."

Kipenga alishika kichwa. Basi maneno yake peke yake ndiyo yaliyomtoa mtu kazini!

Walirudi dukani mbio. Kipenga alitaka kusahihisha mwishoni mwa kipindi, baada ya matokeo, taratibu. Mhariri akamkatalia.

"Kumchafua ulipiga kelele, kumsafisha unataka kunong'ona? Anza nayo. Sema wazi ulichokosea, na usijitetee."

Kipenga akavuta pumzi.

"Ndugu wasikilizaji, leo asubuhi nilisema Ukuta ameuza mechi. Si kweli! Sikuwa na ushahidi, wala sikumuuliza. Aliyempa begi ni shemeji yake, na ndani mlikuwa na nguo za mtoto. Ukuta ameniruhusu niwaambie. Namwomba radhi yeye na familia yake. Mliosambaza sauti yangu ya asubuhi, nawaomba msambaze na hii."

Wengine walimcheka. Yeye akarudia tangazo lile kila siku. Viongozi wa klabu nao walikwenda kwa Ukuta, wakaliona begi, wakaona haya. Wakamrudisha golini.

Jumapili uwanja ulifurika. Kipenga alitangaza akiwa jukwaani, baba yake kulia, Mhariri kushoto. Kipindi cha kwanza Ukuta alitoka golini mapema mno. Mpira ukampita juu ya kichwa, ukaingia wavuni.

Kinyozi akamfinya binti yake. "Nyamaza! Huyu tumemkosea juzi."

"Sema," alisema Mhariri. "Umeona kwa macho yako."

"Ukuta katoka mapema mno!" alipaza Kipenga. "Bao hili ni kosa lake!"

Timu ilisawazisha. Dakika zikaisha, ikabidi zipigwe penalti. Ikabaki moja, ya wapinzani. Wakiikosa, kombe ni la mtaa wa kina Kipenga. Mpigaji akaja, akapiga kwa nguvu zote. Ukuta akaruka, akaupangua kwa ncha za vidole!

"Kaokoa! Ukuta kaokoa!" Kipenga alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kinyozi alimkumbatia mtu asiyemjua. Upande wa pili wa uwanja, shemeji hakujua acheke au alie.

Jumatatu Ukuta alikuja kunyolewa.

"Kipenga," aliita, "jana ulisema lile bao ni kosa langu."

Kipenga akatoka nyuma ya pazia. "Ndiyo, kaka. Nilisema."

"Ulisema kweli. Nilitoka mapema. Endelea hivyo hivyo."

Mteja aliyekaa kwenye benchi akasogea. "Kipenga, nina habari moto za yule mwamuzi. Inasemekana..."

"Kasema nani?" aliuliza Kipenga. "Aliona mwenyewe? Na namba ya mwamuzi unayo, nimpigie nimuulize?"

Yule mteja akatazama dari. "Aa, basi. Nilikuja kunyoa ndevu tu."

Ukuta alicheka kwa sauti, mabega yakatikisika.

"Tulia, bwana!" kinyozi alimkaripia. "Nitakukata sikio, halafu binti yangu atangaze. Na safari hii itakuwa kweli."