Larissa na Njia Asiyopaswa Kuiona

Kila Jumamosi asubuhi Larissa na mama yake, Marie, walipanda taksi hadi Mobeni, mtaa wa viwanda wa Durban. Huko, ndani ya ghala la zamani, palikuwa na ukumbi wa michezo ya kupanda kuta. Mama Marie alifagia na Larissa akapanguza viti. Kazi ikiisha, mwalimu Imraan alimwacha msichana huyo wa miaka kumi na miwili apande ukuta mpaka achoke. Viganja vyake viliota sugu, naye alizionea fahari.

Mwaka ule wa 1998 Larissa alikuwa na hamu moja tu. Kuribara, bingwa wa Japani, angekuja Durban kutazama mashindano ya watoto, na mshindi angepanda pamoja naye. Larissa alikuwa na gazeti lenye habari zake, amelisoma mpaka likachakaa. Bingwa huyo alishindwa misimu mitatu mfululizo, akavunjika kidole, akarudi ukutani na kutwaa kombe.

"Huyu Kuribara wako sasa tumuwekee sahani yake," mama alimtania. Larissa alicheka, lakini alitamani siku ile mpaka usingizi ukampaa.

Siku moja kabla ya mashindano walikwenda kusafisha ukumbi. Mwalimu Imraan alikuwa juu ya ngazi akifunga vishikio vya manjano. Vishikio vikishapangwa kutoka chini hadi juu, wapandaji huviita njia. Larissa hakuondoa macho. Imraan alipokwenda kula, Larissa alijaribu vishikio vinne vya kwanza, akagundua kuwa cha tano kilitaka mkono wa kushoto.

Kesho yake washindani wote waliwekwa chumba cha nyuma wasiuone ukuta. Mwalimu akasoma sheria: "Aliyeiona njia kabla ya zamu yake, hashindani." Larissa akainua mkono. Aliomba ruhusa, akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, jana niliiona njia. Hata nilijaribu kuipanda."

"Sasa kosa iko wapi? Njia iko ya watu wote!"

"Si njia ya kwenda sokoni, mama. Hii mtu anaipanda bila kuijua. Wenzangu hawajaiona."

Mama Marie akaweka ufagio chini. "Eish! Kuko mtu alikuona?"

"Hakuna."

"Na unataka sana kupanda na yule mujapani?"

"Nataka sana, mama." Machozi yakamlengalenga. "Lakini siwezi kumwangalia usoni."

"Basi twende kwa mwalimu. Nitakushika mukono."

Imraan alisikiliza, akashusha pumzi. "Nami nimekosea, ningefunika ukuta. Lakini sheria ni sheria, Larissa. Leo hushindani."

Larissa akakaa kwenye benchi akitazama wenzake. Mmoja wao, Noor, alifika kishikio cha kumi na moja akashinda. Noor alipopanda bega kwa bega na Kuribara, Larissa alilia waziwazi bila kujali nani anamwona.

Watu walipotawanyika, Imraan alimsimulia Kuribara yaliyotokea. Bingwa akaja kuketi kando ya Larissa, akazungumza naye kwa Kiingereza cha taratibu.

"Katika shindano langu la kwanza rafiki alinionyesha mchoro wa njia," alisema. "Nilishinda. Tangu hapo nimeshinda mengi, lakini lile mpaka leo sijui kama ningeliweza. Natamani nilirudie, na halirudiwi."

Kisha akamwomba Imraan abadilishe vishikio. Larissa akageukia mlangoni mpaka alipoitwa. Kuribara mwenyewe akamshikia kamba. Larissa alipanda akitafuta, akikosea, akijirekebisha, na kwenye kishikio cha saba mikono ikamwishia nguvu. Akaanguka, kamba ikamdaka.

"Saba tu," alisema akiwa chini, uso umemshuka.

Mama Marie akamfuta jasho kwa kanga yake. "Hii saba iko yako kabisa, mwanangu. Ungenyamaza, leo ungefika juu na usingejua nguvu yako iko ya nani. Mutu mukweli anajua fasi yake, pahali anaanzia. Juma ijayo utatafuta ya nane."