Uso wa Mpiga Ngoma

Yaliyompata Irmtraud, rafiki wa dada yangu, yalianza kwa kazi ndogo. Katika ukoo wao, huko Berlin, kijana akiingia jeshini, mama huweka karatasi juu ya uso wa babu yao wa kale, aliyechongwa kama mpiga ngoma wa shaba kwenye mnara wa ushindi, akaisugua kwa mkaa hadi sura itokee, kijana aondoke nayo.

Mwanawe Henning alikuwa aondoke kesho yake.

"Sugua taratibu, Mama, babu asije akapiga chafya!" alicheka.

Kiza kilishaingia chini ya mnara. Mkaa ulikwaruza, na nyuma ya shaba ngoma ikajibu: du, du. Irmtraud akabandua karatasi.

Sura ilikuwa na tundu la risasi katikati ya paji.

Akapapasa paji la shaba. Lilikuwa laini, halina hata mkwaruzo.