Birika Lisilomwagwa

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu. Katika nyumba moja ya ghorofani, mtaa wa karibu na bahari, mambo yalikuwa kinyume. Balaa lililetwa na maji yasiyomwagwa.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, jiko na bafu. Aliishi humo mama mkwe, mwanawe fundi saa, na mke wa huyo mwana, ambaye alikuwa mshonaji. Ndoa ilikuwa na miezi mitatu. Sheria ya jiko ilizidi miaka arobaini: maji ya birika hayamwagwi. Yakipungua, unaongeza.

"Birika tupu hufukuza wageni," mama mkwe alisema. "Mimi nililikuta limejaa kwa mama mkwe wangu. Na wewe umelikuta limejaa kwangu."

Mshonaji akaongeza maji asubuhi, mchana na jioni. Hakuwahi kuchungulia ndani.

Kisha birika likaanza kuguna. Liliguna chini chini, kama mgonjwa anayejigeuza kitandani. Bafuni, hita ya maji ikawa inagonga ukutani: ko, ko, ko. Ukizima umeme, iligonga mara mbili zaidi. Halafu ilinyamaza, kama mtu anayesikiliza.

Bomba likaota ndevu nyeupe. Kioo cha bafuni kikajaa madoa ya mviringo, mawili mawili, kama macho. Mshonaji aliyafuta. Kesho yake yalikuwa yamerudi, yanamtazama. Sabuni nayo haikutoa povu. Ilifia mkononi, ikaacha utando wa kijivu.

Jumatano mchana, mshonaji alikuwa anapiga pasi gauni jeusi la mteja. Pasi ya mvuke ikakohoa. Ikatema maji na vumbi jeupe. Kifuani pa gauni pakabaki alama tano, kama ncha za vidole.

Mama mkwe aliziona. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mkono wa nani huo?"

"Ni pasi, mama."

"Pasi ina vidole? Miaka arobaini nimekaa humu. Ukuta haukugonga, bomba halikuota ndevu. Umeingia wewe, na hiki nacho kimeingia. Jumamosi urudi kwenu, nyumba ipumzike."

Fundi saa akainua kichwa. "Mama, saa ikisimama hatumfukuzi aliyebisha hodi."

"Wewe tengeneza saa zako!"

Akainamisha kichwa tena. Baadaye alimnong'oneza mkewe, "Si uende tu siku chache?"

"Siku chache huzaa, mume wangu. Huzaa miezi."

Kesho yake asubuhi mshonaji alishuka ngazi akiwa na ndoo. Kwenye bomba la chini alimkuta mwanamke mnene mwenye buti za mpira. Alikuwa mpima maji wa ofisi ya maji, na alikuwa anajaza chupa ndogo.

"Dada," mshonaji akamwambia, "kwetu maji yanagonga ukuta."

Alitegemea kuchekwa. Mpima maji hakucheka. Alifunga chupa yake, akauliza, "Yanagonga maji yakiwa ya moto, au hata ya baridi?"

"Ya moto tu."

"Twende."

Mlangoni mama mkwe alisimama kama nguzo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Bomba lako, mama. Limelalamika."

Mpima maji alikwenda moja kwa moja jikoni. Fundi saa aliacha saa zake, akamfuata. Alifunua birika. Mama mkwe alichungulia, akajiziba mdomo. Ndani mlikuwa na pango. Kuta zake zilikuwa jiwe jeupe, nene kama kidole. Majini vilielea vipande vyembamba, kama kucha zilizokatwa.

"Mzuka wenu ndiye huyu," mpima maji alisema. "Jina lake chokaa."

Alitoa chupa mbili. Moja aliijaza maji ya bombani. Nyingine ilikuwa na maji yasiyo na chokaa, aliyokuja nayo. Alitia chembe za sabuni katika kila chupa, akampa mshonaji azitikise. Moja ilijaa povu hadi shingoni. Ile ya bombani iliganda kama maziwa yaliyoharibika.

"Maji yenu ni magumu. Yana madini mengi yaliyoyeyuka, ndiyo maana hamyaoni. Mkichemsha, chokaa inajitenga na kushika birika. Nyinyi hammwagi, mnaongeza tu. Kila siku tabaka jipya. Mvuke unanaswa chini ya jiwe, unapambana kutoka. Ndio mguno huo. Ndani ya hita ni vile vile."

"Yanaua?" mama mkwe aliuliza.

"Chokaa haimdhuru mnywaji. Inakula umeme, inakula sabuni, inaua vyombo. Maji ya kunywa endeleeni kuyachemsha, kwa sababu ya vijidudu. Ila mabaki mwageni, suuzeni, jazeni mapya."

Mama mkwe akasema polepole, "Na chai? Siku hizi ina ladha ya machozi."

Mpima maji alitazama sakafu.

"Hiyo ni chumvi, mama. Chumvi haitoki kwa kuchemsha, inazidi. Miezi mitatu iliyopita mto ulipungua. Tukaanza kuchanganya maji ya visima virefu, yenye chokaa nyingi. Kisima cha karibu na pwani kikivutwa sana, bahari huja chini kwa chini. Haina sauti. Hata sasa inatembea chini ya miguu yetu."

Wote wanne walitazama sakafu. Bafuni, hita ikagonga mara moja.

"Mkisikia chumvi, msinyamaze. Leteni taarifa, tupime. Hii naipeleka leo."

"Miezi mitatu," fundi saa alisema. "Mama, ni wiki ile ile ya harusi."

Mama mkwe alilisukuma birika mbele ya mpima maji.

Mpima maji aliwaonyesha dawa. Walitia siki na maji, nusu kwa nusu, katika birika la stili. Wakalipasha moto, wakaliacha saa nzima. Jiwe lilizomea, likameguka. Wakasuuza mara tatu.

"Siki msiichanganye kamwe na dawa ya kung'arisha nguo," alionya. "Hewa yake ni sumu. Na hita msiiguse. Zimeni umeme, mwiteni fundi."

Ijumaa fundi wa hita alikuja, akaifungua, akatoa nusu ndoo ya mawe. Ukuta ukanyamaza. Gauni la mteja liliwekwa siki kidogo, alama zikatoka. Wiki mbili baadaye ofisi ilipunguza kuvuta kile kisima, na chai ikarudi kuwa chai.

Jumamosi ile aliyoambiwa arudi kwao, mshonaji hakufunga mzigo. Alikaa kwenye cherehani yake. Mama mkwe alikuja kusimama nyuma yake.

"Haya, utabaki. Lakini umeniaibisha. Umemleta mtu baki, akachungulia jiko langu. Niombe radhi."

Mshonaji alisimamisha cherehani. Akageuka.

"Mama, siku nikikukosea nitapiga magoti. Kwa hili, siombi."

"Huombi?"

"Siombi."