Nusu Aliyoikata Baba

Kila Jumamosi asubuhi Siafu, jina alilobandikwa na kaka yake kwa ukali wake, alipiga pasi sare za shule huku mama akishona nguo za wateja. Siku hiyo simu ya mama ikalia. Baba, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa ameachana na mama, alikuwa ametuma pesa za matunzo. Nusu. Mtoto wa kwanza ametimiza miaka kumi na minane, aliandika, kwa hiyo sasa analea mmoja tu.

Mama aliondoa mguu kwenye cherehani. "Na mwenye nyumba naye katupunguzia nusu ya kodi?"

Hasira zilimpanda Siafu. Akamgeukia kaka yake. "Nani alikutuma ukue?"

Kaka hakucheka. Alisema ataacha shule akabebe saruji, ingawa mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza miezi saba tu. Hapo Siafu akazidi kuwaka. Waende mahakamani, akasema, wadai kaka ana miaka kumi na saba, cheti cha kuzaliwa kifichwe chini ya godoro.

"Thubutu," mama alisema. "Cheti hicho ndicho tunachokwenda nacho."

Jumatatu wote watatu walikwenda mahakamani, na karani, mwanamke mmoja mfupi mwenye miwani, akampigia baba simu aje. Akalinganisha cheti na nakala iliyokuwa kwenye faili la kesi yao ya matunzo. Siafu aliiona nakala hiyo, akajua uongo wake ungenaswa palepale. Kisha karani akasoma amri ya hakimu: matunzo yataendelea mpaka kila mtoto amalize sekondari. Baba akafoka kwamba huyu ni mtu mzima, ana ndevu. Karani akamjibu kwamba amri haikutaja ndevu, akamuuliza nani aliyekata nusu.

"Nimepiga hesabu mwenyewe."

"Basi hiyo ni hesabu yako. Kijana akimaliza shule, njoo uombe. Hakimu atapima upya kipato chako na mahitaji ya huyu binti, na huenda isiwe nusu. Mpaka siku hiyo unatuma yote."

Mishipa ya shingo ikiwa imemsimama, baba alituma nusu iliyobaki palepale.

Nje, Siafu bado alikuwa amevimba. Mama akamshika bega.

"Kasirika, mwanangu, una haki. Lakini tungedanganya, leo waongo tungekuwa sisi, na yeye angetoka humo akitucheka. Ukidai haki yako, idai kwa ukweli."

Kaka alikuwa ameshatangulia, anakimbia awahi kipindi cha hesabu.